Mbabula ya Komiseri Maigret

Mwezi wa tano uliopita mwalimu wetu wa fasihi linganishi alitupa kazi: kila mmoja achague mji ambao hajaukanyaga, auonyeshe katika kurasa 5 kwa kutumia riwaya tu, bila picha, bila ramani, bila kuchungulia simu. Wenzangu walikwenda mbali. Mmoja alichukua Saint-Pétersbourg, mwingine Kairo, na dada mmoja anayependa kukaa safu ya mbele alichukua Unguja, akatushinda sote. Mimi nilichukua Paris ya Komiseri Maigret. Sababu yangu haikuwa ya kisomi. Nyumbani kwetu Katuba kulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo za kanisa, kitabu cha sheria ya makosa kisicho na jalada, na riwaya 14 za Georges Simenon. Hiyo ndiyo maktaba iliyonilea.

Riwaya ni za baba. Baba alikuwa OPJ kwa miaka 22, katika ofisi moja ya mji huu ambayo sitaitaja. Kwa msomaji wa mbali: OPJ ni afisa mwenye ruhusa ya kufungua dosye, kuhoji watu na kuwapeleka parke. Alivinunua vitabu hivyo kimoja kimoja kwa wale wanaotandaza vitabu chini karibu na Posta, wakati mwingine kwa bei ya mkate, na ndani ya kila jalada aliandika tarehe kwa mwandiko ule ule aliotumia kuandikia maungamo ya wezi wa kuku. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba ni vitabu vya kazi, kama fundi seremala anavyokuwa na mita yake.

Paris niliyoijua, basi, ni mji wa mvua nyembamba. Asubuhi ukungu umelala juu ya mto Seine, mashua za mizigo zinapiga honi bila kuonekana, na mtu mnene mwenye koti zito na kiko mdomoni anavuka daraja akielekea ofisini kwake, nambari 36 ya Quai des Orfèvres. Anapanda ngazi zenye vumbi. Akifika anachochea jiko la chuma la makaa ya mawe, ambalo alikataa liondolewe hata jengo zima lilipowekewa mabomba ya kupasha joto. Baba aliliita mbabula. “Mbabula ya Maigret,” alikuwa akisema, na sisi watoto tuliiona mbabula yetu wenyewe, ile ya bati lililotobolewa kwa msumari, imewekwa katikati ya ofisi ya mzungu, na mzungu ameinama anaipepea. Jioni Maigret anarudi kwake, Boulevard Richard-Lenoir nambari 132, na mkewe anafungua mlango kabla hajagusa kitasa, kwa sababu anazijua hatua zake kwenye ngazi. Mama aliposomewa sehemu hiyo alicheka. Alisema naye anazijua hatua za baba, na anajua pia zinavyobadilika zikipitia baa kwanza.

Nilimsoma Maigret hasa mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi yetu ya Lubumbashi inapokausha midomo. Umeme ukikatika niliwasha buji. Moshi wa makala wa jirani ulipita chini ya mlango, nami niliuhesabu kuwa ukungu wa Seine. Nikitoka asubuhi kwenda shule na kuuona mnara wa mumbunda umesimama nusu, nusu nyingine imemezwa na moshi na vumbi, nilijua kabisa mtu aliyeuawa angeokotwa wapi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Paris haina jua. Kisha nikasoma *Maigret tend un piège*, cha mwaka 1955, ambamo wanawake 5 wameuawa mmoja baada ya mwingine huko Montmartre na Maigret anatega mtego wake katika joto la Agosti, polisi wanalowa jasho. Nikakasirika kama mtu aliyeuziwa chumvi akidhani ni sukari.

Nilipoanza kufanya kazi ya mwalimu niligundua jambo ambalo baba hakuwahi kuniambia, pengine kwa sababu halikumhusu. Mwandishi wa Paris hiyo hakuwa mtu wa Paris. Simenon alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1903, mtoto wa karani wa bima, akafika Paris mwezi wa kumi na mbili 1922 akiwa hajatimiza miaka 20. Aliandika hadithi za bei rahisi kwa majina mengi ya bandia. Colette, mwandishi aliyekuwa akichagua hadithi za gazeti la *Le Matin*, alimrudishia hadithi zake akimwambia apunguze fasihi. Kijana akatii. Ndiyo maana Kifaransa chake kinasomeka hata na mtoto wa Katuba mwenye kamusi iliyokatika kwenye herufi S: sentensi fupi, maneno ya kila siku, meza ni meza, mvua ni mvua. Mwezi wa pili 1931 alimzindua Maigret kwa karamu ya usiku Montparnasse, ambamo wageni walichukuliwa alama za vidole mlangoni kama wahalifu. Kutoka hapo hadi 1972 zikaja riwaya 75 za komiseri huyo, na hadithi fupi 28.

Ninafikiri ugeni wake ndio uliomfanya auone mji ule kwa pua. Mwenyeji hasikii tena harufu ya ngazi za nyumba yake. Maigret anaisikia: kabichi iliyochemshwa, nguo zilizolowa, supu ya kitunguu. Na hapa ndipo alipo tofauti na wapelelezi wengine tuliosomeshwa. Chukua Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha 1960 ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili hupitia. Bwana Msa naye anavuta kiko, lakini kiko chake ni cha Sherlock Holmes: anakivuta akipanga hoja, na mwishoni anatufungulia fumbo kama mtu anayefungua kufuli mbele ya watu. Maigret hapangi chochote. Ukimwuliza anafikiri nini, anajibu kwamba hafikirii. Anakwenda mahali palipotokea mauaji, anaingia kwenye baa ya kona, anaagiza divai nyeupe, anakaa. Kesho anarudi, anakaa tena. Mwenye baa anamzoea. Mwanamke wa ghorofa ya tatu anaacha kumwogopa. Mvua inanyesha ndani ya kitabu kwa sababu mtu yule anangoja, na anayengoja huona mvua.

Kwa kazi ile nilitafsiri ukurasa mmoja, na neno lililonitesa ni *concierge*. Kamusi inasema mlinzi wa mlango, bawabu. Lakini *concierge* wa Simenon ni mama anayekaa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, anayevuta kamba kumfungulia anayechelewa, anayejua barua za nani zimekuja na mume wa nani hakulala. Nilihangaika siku mbili. Kisha nikaandika: santinele. Kwetu santinele anakaa langoni usiku kucha na mbabula yake, amejifunga kipande cha blanketi, na hakuna anayeingia au kutoka bila yeye kujua. Mara nilipoliandika neno hilo Paris ilisogea, ikawa kama nyuma ya komini yetu.

Nilipata 13 kwa 20. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: “Mvua yako ni nzuri. Lakini mwandishi huyu alifika Kongo mwaka 1932. Alikaa kwenye baa ipi?”

Sikujua kwamba alifika. Baba naye hakujua. Nilikwenda maktaba, nikaomba wenzangu wenye intaneti nzuri, nikakusanya nilichoweza. Ni kweli. Mwaka 1932 Simenon alipita Misri na Sudani, akaingia Kongo ya Wabelgiji, akashuka hadi Matadi, ambako mdogo wake Christian alikuwa na kazi, kisha akarudi kwa meli akifuata pwani ya magharibi. Mwaka ule ule gazeti la *Voilà* la Paris lilichapisha makala zake za safari. Aliwacheka wakoloni, aliusema uongo wao wazi, na wengi huko walichukizwa. Niliposoma nilitaka kumpenda kwa ajili hiyo. Lakini watu weusi katika makala zile wanaonekana kama miti inayoonekana kutoka dirisha la gari. Wanabeba, wanacheza, wanakufa, gari limepita. Yule aliyeweza kukaa wiki nzima kwenye ngazi za nyumba ya Montmartre, kwetu hakukaa.

Nikatafuta pia *Le Coup de lune*, riwaya yake ya 1933. Mahali ni Libreville. Kijana mfaransa anaitwa Timar anafika hotelini, anampenda mke wa mwenye hoteli, na usiku mmoja kijana mweusi, Thomas, mtumishi wa hoteli, anauawa kwa risasi. Wazungu wote wa mji wanamjua aliyemuua. Wanapanga pamoja kumtwika kosa mtu mweusi asiye na hatia, na mahakamani Timar anapiga kelele ya ukweli, naye anapakiwa melini kama mwendawazimu. Mwenye hoteli halisi wa Libreville alijiona kitabuni, akamshtaki Simenon, kesi ikaanguka. Ni kitabu kikali, na sikusinzia hata ukurasa mmoja. Lakini nilipokifunga nilijikuta ninamtafuta mtu. Kuna maiti. Kuna silaha. Kuna mashahidi mji mzima. Kuna joto, homa, pombe, mwezi. Hali ya mahali imejaa kila ukurasa. Hakuna Maigret. Hakuna mtu anayeingia nyumbani kwa mama yake Thomas, anayevua kofia, anayekaa na kungoja mpaka aambiwe kijana huyo alikuwa nani. Mwandishi alikuwa naye Maigret mfukoni tangu miaka miwili, na hakumleta.

Nilikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata hoja. Nikaipeleka kwa baba Jumamosi moja jioni. Yeye sasa ni mstaafu, yaani jina lake limeondolewa kwenye orodha moja na bado halijaonekana kwenye nyingine. Alikuwa amekaa chini ya mwembe wa lupango letu, mbabula kati ya miguu, akingoja makala yashike moto kwa ajili ya bukari.

“Baba,” nikamwambia, “unajua kwamba Maigret hakufika Afrika hata siku moja?”

Hakuinua kichwa. “Angefika na nini?”

Sikuelewa.

“Unasoma sana, weye mwana. Umehesabu teksi?”

Akanituma nikavilete vitabu. Nilivijua vitabu vile kuliko viganja vyangu, na nilijua kwamba vina mistari ya penseli. Tangu utotoni niliamini kuwa baba alipigia mstari dalili za kesi: kitasa kilichovunjika, treni ya saa fulani, kitambaa chenye damu. Sikuwahi kuangalia vizuri. Jioni ile niliangalia, na taa ya simu mkononi. Mistari ilikuwa chini ya teksi. Kila mara Maigret aliposimamisha teksi, penseli ilipita. Chini ya simu iliyopigwa mji mwingine na kujibiwa saa ile ile. Chini ya jina la Janvier, la Lucas, la kijana Lapointe, kila mmoja wao anapotumwa kusimama mbele ya mlango fulani usiku na mchana. Chini ya jina la Moers, mtu wa maabara. Chini ya bia na mikate inayoletwa ofisini kutoka Brasserie Dauphine usiku wa kuhoji. Chini ya makaa ya mawe. Katika kitabu kimoja, pembeni mwa bia, baba aliandika maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya: nani analipa?

“Sisi,” akasema, “mtu akija kulalamika tulimwambia anunue karatasi kwanza. Karatasi, na kalamu. Ukitaka tufike mahali pa tukio, lete feza ya usafiri. Mwenye kufiwa ndiye aliyelipia teksi ya Maigret. Njo vile.” Akapepea. “Nilisoma vitabu hivi kama mwenye njaa anavyopita mbele ya hoteli.”

Ningeweza kuishia hapo, na makala hii ingekuwa ya heshima kwa baba. Ofisi maskini, mtu mwenye nia njema, vitabu vya mvua. Lakini kuna Jumatatu.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 9. Kijana mmoja aliyekuwa akileta makala mjini kwa kinga, wale wanaosukuma magunia marefu kuliko wao kabla ya mapambazuko, aliokotwa kwenye mfereji, amepigwa hadi kufa. Kinga haikuwepo. Dosye ilikuwa mezani pa baba. Mama wa kijana alianza kuja kwetu kila Jumatatu, kwa sababu ofisini walikuwa wamemwambia arudi mara nyingi mno. Alikaa kwenye tofali karibu na lango. Alileta kalanga ndani ya kipande cha gazeti, akampa mama yangu, na mama akampa maji. Aliuliza tu: “Shefu yuko?” Mwanzoni baba alitoka, akazungumza naye. Kisha Jumatatu moja baba alikuwa chumbani, nimemwacha kitandani akisoma, kitabu juu ya kifua, na alinifanyia ishara kwa kidole. Nikatoka nikasema: “Baba hayuko.”

Nilisema hivyo Jumatatu ngapi, sikumbuki. Katika riwaya za Maigret kuna watoto na wake na santinele wengi wanaosema kwamba fulani hayuko, na Maigret anatikisa kichwa, anakaa kwenye ngazi na kujaza kiko. Mama yule hakuwa na kiko. Alisema, “Haya mwanangu, mwambie nilikuja,” akaondoka. Baadaye akaacha kuja. Kalanga zake nilizila mimi.

“Ulijua ni nani?” nilimwuliza baba chini ya mwembe.

“Nilijua siku ya tatu.”

Alinieleza. Aliiona kinga kwa macho yake, katika lupango la mtu mwenye jina, na santinele wa hapo alimwambia ilifikaje. Alifanya hivyo kwa miguu, bila teksi, bila Lapointe, bila maabara, na kwa kweli alifanya kama Maigret: alikaa na santinele yule usiku mbili, wakaota moto pamoja. Nilipomsikia nikaona fahari ikinipanda kooni. Siku ya nne aliitwa na mkubwa wake. Siku ya tano bahasha ililetwa na mtu wa pikipiki. Baba hakuzunguka maneno. “Mshahara ulikuwa haujafika miezi 3. Ile bahasha ni viatu vyako vya shule, na vya dada yako.”

Nilivikumbuka viatu vile. Vyeusi, vyenye kifungo pembeni. Nilivipenda.

Simenon alikuwa na neno alilojichagulia kama mwongozo wa maisha: kuelewa, bila kuhukumu. Mara nyingi nimelisikia likisifiwa katika oditoriamu, nami mwenyewe nililisifu katika kurasa zangu 5. Usiku ule lilinichoma. Maigret anaweza kuelewa bila kuhukumu kwa sababu mwishoni mwa korido kuna jaji Coméliau, naye ana kazi hiyo. Muuaji akishalia, akishakunywa bia yake, akishaeleweka, anashushwa ngazi kwenda kwa wanaohukumu, na Maigret anarudi kwa mkewe akiwa safi. Huruma yake inasimama juu ya jengo zima. (Jengo lenyewe polisi walilihama mwaka 2017, wakaenda upande wa Batignolles, ila nambari 36 waliihamisha pamoja nao, na mimi naona walifanya vizuri.) Kwangu mimi korido haipo. Aliyefanya na anayemwelewa wanakula sahani moja ya bukari na sombe, na aliyetumwa kusema “hayuko” ndiye anayetakiwa sasa kuwa na maoni.

Nilikaa wiki nzima bila kuzungumza naye sana. Katika siku hizo nilisoma tena *L'Affaire Saint-Fiacre*, cha mwaka 1932, kwa sababu ndicho kitabu pekee kati ya 14 kisicho na mstari hata mmoja wa penseli. Maigret anarudi kijijini alikozaliwa, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya kabaila. Siku ya kuwaombea wafu, katika misa ya kwanza, mama kabaila anakufa kwenye benchi la kanisa. Hakuna kisu wala sumu. Mtu ameweka ndani ya kitabu chake cha sala kipande cha gazeti chenye habari ya uongo kwamba mwanawe amejiua, na moyo wake mgonjwa ukasimama. Sheria haina kifungu kwa kosa la namna hiyo. Na Maigret, ajabu, karibu hana faida katika kitabu chote. Kila kona inamwonyesha mtoto aliyekuwa. Mwishoni ni mtoto wa marehemu anayewakusanya wote mezani usiku na kumfichua mwenye kosa. Komiseri amekaa tu pale, mgeni kati ya wageni. Hakuna teksi, hakuna simu za mbali, hakuna vijana wa kutumwa. Ndiyo maana penseli haikupata cha kupigia mstari. Au baba hakutaka kushika penseli akisoma hicho. Sikumwuliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, yeye ndiye aliyeniita. “Chukua karatasi.” Nikachukua daftari langu la fonolojia, upande wa nyuma. Akaanza kutamka kwa Kifaransa, kama PV inavyoanza, mwaka kwa maneno, kisha mwezi, kisha siku, mbele yetu sisi afisa fulani. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya zamani. Nilielewa kwamba dosye ile, iliyopotea au kuliwa na mchwa au kuchomwa, alikuwa nayo kichwani ukurasa kwa ukurasa.

Nikamkatiza. “Baba, yule mama hasomi Kifaransa.”

Alinyamaza kwa muda mrefu. “Mimi sijawahi kuandika PV kwa Kiswahili.”

“Tuandike.”

Tumekuwa tukifanya hivyo kila Jumapili tangu wakati ule. Inakwenda polepole kuliko tafsiri ya Simenon. Tunabishana. Yeye anataka *prévenu* ibaki kama ilivyo, mimi nataka mshukiwa. Yeye anataka majina yote, mimi naogopa. Neno lililotuchukua jioni nzima ni lile la mwisho wa dosye, ambalo kwa Kifaransa ni maneno matatu makavu, *classé sans suite*, yasiyo na mtu ndani. Nikapendekeza: dosye ilifungwa. Sarufi inaruhusu, ni kauli ya kutendwa, tumeisoma mwaka wa kwanza. Baba alilitazama neno hilo kwenye karatasi, akaniambia nilifute. Akasema niandike: niliifunga.

Mama yangu anasema yule mwanamke yuko hai, anauza kalanga sokoni, na nywele zake zimekuwa nyeupe. Karatasi zitakwenda wapi, hatujasema. Jumapili iliyopita tulifika kwenye kinga. Baba alitaka niandike rangi yake, alama ya kuchomelewa chini ya kiti, kamba ya mpira iliyofungia magunia, na mahali hasa ilipokuwa imeegemezwa ukutani. Nilipokuwa nikiandika mahali, buji ilikwisha, na duka la jirani lilikuwa limefungwa.